Ugomvi wa godauni: yanayosemwa kati ya wapakiaji na mabosi wao, na ukweli wake

Pita barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam alfajiri, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Pugu Road, utawakuta nje ya mageti ya magodauni: vijana na watu wazima, kandambili miguuni, kipande cha gunia begani, wanasubiri mnyapara aje kuchagua watu. Ndani ya geti yuko stoo kipa, yuko karani wa kuhesabu mzigo, na juu yao wote meneja. Kabla ya adhuhuri watakuwa wamezozana angalau mara moja. Nimekuwa karani humo ndani, na sababu za ugomvi nilizozisikia kutoka kila upande ni zilezile mwaka hadi mwaka. Nyingi si za kweli. Zenye ukweli nusu ndizo zinazoleta madhara zaidi.

"Kuli usipomsimamia hafanyi kazi"

Meneja husema hivi saa tisa alasiri, akiwaona watu wanane wamejilaza chini ya mwembe. Asichokumbuka ni kwamba semi, lori la trela, iliyotakiwa kufika saa mbili asubuhi bado imekwama bandarini kwa sababu ya karatasi, na watu hao wako pale tangu saa kumi na mbili.

Tuhesabu kidogo. Semi yenye tani 28 za saruji ina mifuko 560 ya kilo 50. Gengi la watu wanane likiishusha, kila mmoja anabeba mifuko 70, yaani tani tatu na nusu zinapita kwenye shingo na kiuno cha mtu mmoja, kwa gari moja tu. Likija la pili, ni tani saba. Mwenye kupumzika katikati ya magari mawili ya namna hiyo anajua mwili wake utadaiwa nini mbele ya safari.

Mzozo wenyewe huanzia kwenye namna ya kulipa. Gengi likilipwa kwa tani, saa za kusubiri hazimgharimu mwenye mali hata senti, kwa hiyo hakuna ofisini anayehangaika kuzipunguza. Gari likifika jioni, meneja anataka lishushwe usiku huohuo, na watu waliokaa na njaa kutwa nzima wanaambiwa wana maringo. Wakilipwa kwa siku, mambo yanageuka: ukimaliza gari haraka zawadi yako ni gari jingine kwa pesa ileile, basi kila mtu anapunguza mwendo kwa akili zake timamu. Nimewaona watu walewale, godauni lilelile, wakibadilika ndani ya wiki moja baada ya malipo kubadilishwa. Tabia zao hazikuwa zimebadilika.

Na zipo saa ambazo sheria imeshazisemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu, inayolipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa saa, na isizidi saa 50 katika wiki nne. Hata ukiwa na ovataimu, siku ya kazi haivuki saa 12. Aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anapewa mapumziko ya dakika 60. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya ujira. Kwa hiyo "bakini tumalizie hili moja" ni maneno yenye bei, hata kama anayeyasema anayachukulia kama kuombana hisani.

"Kilichovunjika ni juu ya gengi"

Hapa ndipo penye chuki ya kweli, kuliko hata kwenye udogo wa ujira.

Chukua kontena la marumaru. Maboksi ya marumaru husafirishwa yakiwa yamesimamishwa kwa ubavu, kwa sababu yakilazwa, la chini kabisa hubeba uzito wa yote yaliyo juu yake. Aliyepakia kiwandani akiwa na nafasi iliyobaki karibu na mlango, analaza safu mbili tatu kuijaza. Mzigo unakaa wiki kadhaa baharini, unafika Dar, mlango unafunguliwa. Mpakuaji wa kwanza anashika boksi, linalia ndani kama kabati la vyombo lililoanguka. Anasimama. Mnyapara anakuja, stoo kipa anakuja, na kwenye daftari inaandikwa: maboksi sita, gengi. Jioni kila mtu anapokea pungufu, pamoja na yule aliyekuwa nje muda wote akikunja turubai.

Wapakiaji wengi wanaamini hiyo ndiyo sheria, na mameneja wengi wanaamini hivyohivyo. Sivyo. Mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi kwa sababu ya hasara au uharibifu mpaka masharti kadhaa yatimie. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Apewe maandishi yanayoeleza sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga, na akubali deni hilo kwa maandishi. Kinachokatwa kisizidi hasara halisi, na makato yasivuke robo ya ujira wake. Ukisoma masharti hayo pole pole utaona makato ya pamoja hayana pa kusimama: kosa la mtu mmoja halijajulikana, watu wanane wamelipa.

Mameneja hujitetea kwamba bila makato mali itatupwa ovyo. Naelewa hofu yao, kwa sababu mwenye mali anamdai meneja, na meneja naye ana watoto. Lakini nilichokiona ni kwamba makato huzaa siri. Gengi linalojua litakatwa halisemi tena boksi limelia. Linalichukua kimya kimya, linalipanga katikati ya mzigo unaokwenda Dodoma, na uvunjifu unagunduliwa na mteja akiwa na fundi wake anayesubiri. Hasara sasa ina nauli ya kurudisha mzigo juu yake, na jina limechafuka.

Dawa yake ni rahisi hadi inachekesha. Kabla mkono haujagusa boksi, karani anaangalia namba ya lakiri, kile kifungo cha kwenye mlango wa kontena, kama inalingana na karatasi, anapiga picha ya lakiri, ya mlango ukifunguliwa na ya safu ya mbele. Chochote kilichoinama, kilicholowa au kinacholia kinaandikwa kwenye delivari, karatasi ya kukabidhiana mzigo, mbele ya dereva, naye anasaini. Mambo ya dakika kumi. Baada ya hapo, kikivunjika kingine, angalau mnajua mnazungumzia nini.

"Wanaumia migongo kwa sababu hawajui kunyanyua"

Kila godauni lenye heshima lina lile bango: kunja magoti, mgongo wima, mzigo karibu na mwili. Meneja aliyelibandika, na pengine akanunua mikanda ya kiuno, anaona amemaliza wajibu wake. Mtu akilalamikia mgongo, anaonyeshwa bango.

Ushauri wenyewe si mbaya. Ila mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2011 hayakupata ushahidi kwamba kuwafundisha watu namna ya kunyanyua kunazuia maumivu ya mgongo. Mikanda nayo haijaonyesha kumkinga mtu mzima wa afya. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ambayo kanuni yake ya kunyanyua inatumika sehemu nyingi duniani, inaanzia kilo 23, na hizo ni katika hali bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, kimo cha kiuno, bila kujipinda, si mara nyingi. Ukiongeza kuinama, kuzunguka na kurudia kila dakika, namba inashuka. Mfuko wetu wa saruji unaanza na kilo 50. Ulaya nchi nyingi zimeshahamia mifuko ya kilo 25.

Bango haliwezi kupunguza kilo 50 hata likiandikwa kwa herufi za dhahabu. Toroli linaweza. Ngazi ya mbao inayolingana na bodi ya gari inaweza, na mtu wa pili kwenye mfuko anaweza. Hivyo vyote vinanunuliwa na ofisi, ndiyo maana bango linapendwa zaidi.

Anayeumia naye huambiwa "wewe ni kibarua, jitibu". Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa na sheria ya mwaka 2008 na michango yake hutolewa na mwajiri peke yake. Hakuna hata shilingi inayotakiwa kutoka mfukoni mwa mfanyakazi. Ajali itolewe taarifa mapema, na majina ya walioshuhudia yaandikwe siku hiyohiyo, maana wiki ijayo nusu yao watakuwa godauni jingine.

"Kibarua hana haki" na "nimetimiza miezi mitatu, nimeshaajiriwa"

Hizi ni dhana mbili, moja ya ofisini na moja ya chini ya mwembe, na zote zimekosea kidogo kidogo.

Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, inasema mtu atadhaniwa kuwa mfanyakazi, bila kujali mkataba wake umeitwaje, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa. Miongoni mwake: anapangiwa namna au saa za kufanya kazi, anapewa vifaa, anategemea kipato kutoka kwa huyo mtu mmoja, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Kuna watu wanazimaliza kwa siku tano. Basi "wewe si wangu, wewe ni wa mnyapara" haitoshi kumwondolea mwenye godauni jukumu. Na kama hakuna mkataba wa maandishi, wakibishana juu ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mwajiri.

Lakini kudhaniwa mfanyakazi si kupata kila kitu. Mwenye chini ya miezi sita kazini hajafikiwa na ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, kwa hiyo ile hesabu ya miezi mitatu isimpe mtu kiburi cha kumtukana stoo kipa. Kenya wana utaratibu wao, na ndio unaochanganya watu wanaosoma ya mtandaoni: Sheria ya Ajira ya 2007 huko inamruhusu kibarua aliyefanya kazi mfululizo jumla ya mwezi mmoja kuhesabiwa kama mwenye mkataba. Usiende nayo Vingunguti, hapa Dar.

"Mnyapara ni mtu wa bosi"

Mara nyingi mnyapara naye analipwa kwa siku, na akikosa watu wa kutosha asubuhi, kesho haitwi. Anatukanwa na pande zote mbili. Hata meneja anayekuamuru ubaki usiku, kama anaripoti moja kwa moja kwa wakubwa, masharti ya saa za kazi na ovataimu hayamhusu. Saa hizo za usiku huenda naye yuko pale bure. Hilo halimpi ruhusa ya kukufokea, ila linaeleza mengi.

"Tuweke mizigo chini sasa hivi, watatusikia"

Mwaka 1947 wabeba mizigo wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa kufuata reli mpaka bara. Hadithi hiyo bado ina nguvu. Leo, hata hivyo, mgomo halali una njia yake: mgogoro upelekwe kwanza kwenye usuluhishi, ushindikane, wapige kura, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Kuweka mifuko chini saa tano asubuhi kwa hasira kunampa meneja sababu aliyokuwa akiitafuta.

Njia ambayo wengi wanaikwepa ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kudhani inataka wakili na pesa. Kufungua lalamiko hakuna ada, na unaweza kwenda mwenyewe. Kinachowaangusha watu ni siku: aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kulalamika, na madai mengine, kama ya ujira usiolipwa au makato, yana siku 60. Akichelewa, lazima kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini. Daftari dogo lenye tarehe, namba ya gari na idadi ya mifuko litamsaidia zaidi ya mashahidi watano waliosahau.