Anayekupa Maji Barabarani: Usalama wa Mkimbiaji na Kazi ya Wanaojitolea Kwenye Marathoni

Mtu anayejiandikisha kukimbia kilomita 42.195 huandaa mwili wake kwa miezi. Anayejiandikisha kujitolea kwenye mbio hizohizo, mara nyingi hupewa fulana, kofia na maelekezo ya haraka alfajiri ya siku yenyewe. Sisi tunaofanya kazi kwenye idara za magonjwa ya dharura tunaiona tofauti hiyo kuwa ya hatari. Mkimbiaji akizidiwa kwenye kilomita ya 35, wa kwanza kumfikia ni kijana wa chuo aliyeshika kikombe cha maji. Daktari yuko kwenye hema, pengine kilomita nzima mbele. Anachokifanya kijana huyo katika dakika hizo ndicho kinachoamua mengi, na makala hii imeandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya mkimbiaji anayemkuta kwenye meza ya maji.

Tuanzie Chicago, Marekani. Wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki wanaujua mji huo kwa ushindi: Eliud Kipchoge alishinda marathoni ya pale mwaka 2014, na tarehe 8 Oktoba 2023 Kelvin Kiptum alikimbia kwa saa 2:00:35 akaweka rekodi ya dunia. Sisi wa afya tunaukumbuka zaidi kwa Oktoba ya mwaka 2007. Siku ya mbio joto lilipanda hadi nyuzi 31 hivi za Selsiasi, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, katika msimu ambao watu walitarajia baridi. Kule mbele Patrick Ivuti wa Kenya na Jaouad Gharib wa Morocco walifika mwisho bega kwa bega, Ivuti akashinda kwa sehemu ndogo ya sekunde. Huko nyuma hali ilikuwa nyingine kabisa. Mamia walihitaji matibabu, baadhi ya meza za maji zilikauka, na saa tatu na nusu hivi tangu mbio zianze waandaaji walilazimika kuzisimamisha. Watu zaidi ya 35,000 walianza. Waliomaliza walikuwa takriban 25,000. Mkimbiaji mmoja alifariki dunia, na uchunguzi ulionyesha alikuwa na tatizo la vali ya moyo.

Baada ya hapo mji ule ulijipanga upya. Leo mkimbiaji wa Chicago hukutana njiani na bendera za rangi: kijani maana yake hali ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari inayomtaka apunguze kasi, na nyeusi maana yake mbio zimesimamishwa. Vituo vya huduma viko takriban 20, na vyote vimepangwa kwa utaratibu mmoja: hema la matibabu, vyoo, kinywaji chenye sukari na chumvi, halafu maji. Mkimbiaji aliyechoka, ambaye akili yake haifanyi tena kazi vizuri, anajua atakutana na nini na kwa mpangilio upi. Watu wa kujitolea wapatao 10,000 ndio wanaoendesha mambo hayo. Utaratibu wa bendera hauhitaji fedha nyingi, na sioni sababu ya mbio zetu za Dar es Salaam, Dodoma, Moshi au Mombasa kuukosa, hasa kwa kuwa joto kwetu si jambo la kushtukiza.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, maana hapa ndipo nia njema huua. Watu wengi wameaminishwa kwamba mkimbiaji anywe kadiri awezavyo, hata kama hana kiu. Mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, yaani chumvi ya damu, na watatu walikuwa katika kiwango cha kutishia maisha. Mwaka huohuo, kwenye mbio hizohizo, mwanamke kijana alipoteza maisha kwa tatizo hilo. Sababu kubwa ilikuwa kunywa kupita kiasi: waliomaliza wakiwa na uzito mkubwa kuliko walioanza nao ndio waliokuwa hatarini zaidi, pamoja na waliokaa barabarani zaidi ya saa nne.

Mwili unafanya hivi. Unapokimbia kwa muda mrefu, homoni huziambia figo zizuie mkojo. Maji unayoyabugia hayana pa kutokea, chumvi ya damu inazimuliwa, na maji yanaanza kuingia ndani ya seli. Seli za ubongo zinavimba ndani ya fuvu ambalo haliwezi kutanuka. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anatapika, vidole vinajaa hadi pete inabana, halafu anachanganyikiwa, na mwishowe anapata degedege. Anayemwona anadhani ameishiwa maji, anamwongezea chupa nyingine. Hata sisi wahudumu tunapaswa kuwa waangalifu: dripu ya kawaida aliyotundikiwa mtu wa aina hii kabla ya kupima damu inaweza kumzidishia tatizo. Anachohitaji ni maji kidogo yenye chumvi nyingi, ya kuingizwa kwenye mshipa, na hayo hutolewa na wataalamu.

Kwa hiyo kanuni ni fupi: kunywa ukisikia kiu. Ukiwa mazoezini, jipime uzito kabla na baada ya kukimbia umbali mrefu. Ukirudi umepungua kidogo, hiyo ni kawaida. Ukirudi umeongezeka, umekunywa mno. Achana pia na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni asubuhi ya mbio, ingawa najua wengi humeza kidonge "cha kujihami". Dawa hizo huzibana figo wakati ambapo tayari zina kazi ngumu, na zinachangia upungufu huohuo wa sodiamu. Kwa waandaaji nina ombi moja: gawa vikombe vilivyojazwa nusu badala ya chupa nzima. Aliyepewa chupa huona vibaya kuitupa ikiwa na maji, na ile anayoitupa hujiviringisha chini ya miguu ya wanaomfuata.

Adui wa pili ni joto la mwili. Kiharusi cha joto hutokea pale joto la ndani linapozidi nyuzi 40 na ubongo ukaanza kuyumba. Usisubiri ngozi iwe kavu. Mkimbiaji anaweza kuwa analoa jasho na bado anakufa kwa joto. Mtazame tabia. Anapepesuka, anakimbia upande usio wake, anakuwa mkali bila sababu, ukimuuliza jina au mbio anazokimbia anajibu mambo yasiyoeleweka. Huyo asiachwe aendelee hata kilomita moja, hata akisisitiza kwamba yuko sawa.

Tiba yake ni kumpoza papo hapo, kwanza apoe ndipo asafirishwe. Lengo ni kushusha joto ndani ya nusu saa, na hakuna njia inayoshinda kumzamisha mwili hadi kifuani kwenye maji yenye barafu, kichwa kikiwa kimeshikiliwa juu. Kama hakuna hodhi, turubai linatosha. Mlaze katikati, watu wanne hadi sita wanyanyue kingo zake, mimina maji na barafu, na muyatikise yapite mwilini. Turubai lipo kila msiba na kila harusi. Kulikosa kwenye hema la huduma ya kwanza la marathoni ni kukosa maandalizi, si umaskini. Kumfuta kwa kitambaa chenye maji huku mkisubiri gari la wagonjwa lipenye kwenye barabara zilizofungwa ni kupoteza muda ambao ubongo wake hauna.

Kuna jambo la tatu, moyo kusimama, ambalo ni nadra ila ndilo linaloogopesha zaidi. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2010, watafiti walihesabu matukio 59 ya moyo kusimama miongoni mwa washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni. Watu 42 walifariki, yaani asilimia 71. Hesabu iliporudiwa kwa miaka ya 2010 hadi 2023, kwa wakimbiaji zaidi ya milioni 29, matukio yalikuwa 176 na vifo 59, asilimia 34. Angalia vizuri: uwezekano wa moyo kusimama haukubadilika, kilichobadilika ni uwezekano wa kupona. Tofauti imetokana kwa sehemu kubwa na watu walio karibu kuanza kukandamiza kifua mara moja na mashine za kushtua moyo kufika mapema.

Hili linamgusa aliyejitolea moja kwa moja. Mtu akianguka ghafla, haitikii, na hapumui au anavuta pumzi za kukoroma za hapa na pale, hesabu kwamba moyo umesimama. Pumzi hizo za kukoroma zisikudanganye. Agiza mtu mmoja, kwa kumnyooshea kidole, aite kikosi cha tiba na kuleta mashine. Wewe piga magoti, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kirudi juu kila mara. Mkipokezana kila baada ya dakika mbili hamtachoka. Mafunzo ya kitendo hiki huchukua saa chache, na mwandaaji anayekusanya ada kwa maelfu ya washiriki hana udhuru wa kutoyatoa kwa watu wake.

Mkimbiaji naye ana wajibu wake kabla ya siku yenyewe. Kama umewahi kuzimia ukiwa mazoezini, unasikia kifua kubana, au ndugu wa damu alifariki ghafla akiwa kijana, muone daktari kabla ya kulipia namba ya kushiriki. Vivyo hivyo aliyevuka miaka 40 na hajawahi kupima shinikizo la damu wala sukari. Na kama wiki hiyo umepata malaria, kuhara au homa yoyote, usikimbie, hata kama fulana umeshachukua. Nyuma ya namba ya kifuani andika kwa kalamu isiyofutika namba ya simu ya ndugu yako, dawa unazotumia na zile zinazokudhuru.

Kuhusu wanaoanguka baada tu ya kuvuka mstari wa mwisho, wengi wao hawana hatari kubwa. Misuli ya miguu iliyokuwa ikisukuma damu kurudi moyoni imesimama ghafla, damu imebaki miguuni. Walaze chali, nyanyua miguu, zungumza nao. Kwa kawaida hupata nafuu ndani ya muda mfupi. Asiyepata nafuu, au anayeongea ovyo, apelekwe hemani. Ndiyo maana wanaovisha medali wanapaswa kuwahimiza watu waendelee kutembea, na wapiga picha wasiwasimamishe palepale mstarini.

Kazi ya mezani ina ufundi wake. Simama kando ya meza badala ya katikati ya njia. Nyoosha mkono, shika kikombe kwa ncha za vidole kwenye ukingo wa juu, na taja kwa sauti ulichoshika: "Maji! Maji!" Mtazame mkimbiaji usoni, maana macho yake yatakuambia kama bado yupo na wewe. Akishachukua, rudi nyuma umpishe mwenzako. Meza za mwanzo hujaa watu na za mwisho hubaki wazi, kwa hiyo waelekeze wasogee mbele. Maganda ya ndizi yaokotwe kila mara.

Na meza isikunjwe mapema. Waliopita kwa kasi walikimbia asubuhi kukiwa na ubaridi. Wanaokuja mwisho, wengi wao wakiwa ndio wanakimbia kwa mara ya kwanza, wako barabarani saa tano au sita na wanakutana na jua la mchana. Kiongozi wa kituo atenge tangu mwanzo vikombe, maji na barafu vya kundi hilo, na aliyejitolea aondoke zamu pale tu gari linalofuata nyuma ya wakimbiaji wa mwisho litakapokuwa limepita.