Kamera imezimwa, mwanafunzi yupo: dhana potofu kuhusu kusomea uuguzi mtandaoni

Dhana: Vijana wa leo wamekulia kwenye simu, kwao masomo ya mtandaoni ni mteremko.

Kuchati ni jambo moja. Kusoma mfumo wa moyo kwenye kioo cha simu kilichopasuka, kisha kuandika kazi ya kurasa kumi kwa kidole gumba, ni jambo jingine kabisa. Wanafunzi wetu wengi hawana kompyuta. Kipindi kimoja cha video kinaweza kulamba bando ambayo mwanafunzi aliipangia siku kadhaa, na umeme ukikatika hapo katikati, somo limempita.

Ndiyo maana kamera huzimwa. Niliwahi kumhesabu binti mmoja mtoro kwa sababu kila kipindi aliacha jina tu kwenye kioo. Baadaye nikajua alikuwa anasikiliza akiwa kwenye ngazi za nje ya wodi, ametoka zamu ya usiku, kwa kuwa mtandao ulikuwa unashika hapo tu. Niliumia, na tangu siku hiyo siiti mahudhurio kwa kamera.

Dhana: Uuguzi haufundishiki kwa mtandao.

Mwaka 2005 nchini Kenya, shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianza kuwasomesha kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti ili wafikie stashahada bila kuacha kazi. Walilenga wauguzi 22,000. Kuwatoa wote hao wodini wakakae darasani kungeziacha zahanati bila watu.

Na yapo mambo ambayo mtandao unayafundisha vizuri kuliko mimi nikiwa ubaoni. Chukua hesabu ya dripu: mililita 1,000 ziingie kwa saa 8, mpira ukiwa wa matone 20 kwa mililita. Zidisha 1,000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone kama 42 kwa dakika. Darasani nikiieleza mara mbili, aliyeachwa huona haya kuuliza mara ya tatu. Kwenye rekodi anarudia hata mara kumi, na hakuna anayemcheka.

Dhana: Basi video zinatosha, tupunguze mazoezi ya hospitali.

Hii ndiyo inayonitisha, na imeshika kasi tangu vyuo vilipofungwa kwa korona Machi 2020. Mwanafunzi anaweza kutazama video ya kupima presha mpaka akaikariri: funga mkanda, jaza upepo, achia polepole, mlio wa kwanza ni namba ya juu, ukitoweka ni ya chini. Kisha anafika kitandani kwa mama wa watu, anaweka stethoskopu, ananong'ona, "Mwalimu, sisikii kitu."

Naisogeza upana wa kidole kimoja tu kuelekea ndani ya kiwiko, pale mshipa unapopiga. Macho yake yanabadilika. "Mia thelathini na nane!"

Upana huo wa kidole haumo kwenye video yoyote. Vivyo hivyo kumpitishia mgonjwa mpira wa mkojo, au kumwambia mzee kwa upole, "Shikamoo baba, naomba nikugeuze," huku unamtazama usoni kama anaumia. Mikono hujifunzia wodini, na chuo kinachopunguza siku za wodi ili kuokoa fedha kinamkopa mgonjwa bila kumwuliza.

Dhana: Wanaolalamika hawapendi kusoma.

Nimewasikiliza. Wanapenda rekodi na wanapenda kujisomea usiku baada ya zamu. Wanaomba masomo yapakiwe kwa sauti tu au kwa faili dogo, walipakue mara moja na kulisoma hata bila mtandao. Lakini kinachowauma kuliko bando ni kuuliza swali kwenye kundi la darasa Jumatatu, likajibiwa mtihani ukiwa umeshapita.