Cheti cha mfamasia hakikodishwi

Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, utasikia watu wakisema: mfamasia akimkodishia mwenye duka cheti chake, hayo ni makubaliano yao wawili. Si kweli. Chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, famasi lazima isimamiwe na mfamasia. Cheti chake ukutani ni ahadi kwa mgonjwa kwamba yupo. Asipokuwepo, nani atagundua kuwa mama mjamzito kaandikiwa dawa isiyomfaa, au dozi ya mtoto imezidi? Baraza la Famasi linaweza kumsimamisha, hata kumfuta kabisa kwenye rejesta. Kujitetea kwamba "dawa sikutoa mimi" hakumsaidii, maana kutokuwepo kwake ndiko kosa lenyewe.