Je, wajua kwa nini muuza vocha aligeuka wakala?

Mara ya mwisho kukwangua vocha ilikuwa lini? Kuna miaka vipande vyake vilitapakaa kila kituo cha daladala, na hukosi kijana mwenye meza ndogo, vocha zake zimebanwa kwa mpira. Leo wengi wa vijana wale wamekaa chini ya mwavuli wa wakala wa pesa, pengine kona ileile, wakiwahudumia wateja walewale. Ukielewa kilichowahamisha, umeelewa jinsi teknolojia inavyozaa biashara, inavyoiua, kisha ikazaa nyingine.

Simu za mkononi zilipoingia Tanzania katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa mali ya wenye nazo. Kifaa ghali, dakika ghali, mtandao haukutoka mjini. Wakati kama huo pesa iko kwa anayemgawia mwenzake asichokuwa nacho. Ndiyo maana vikaota vibanda vya kupiga simu kwa dakika. Asiye na salio akajifunza kubip: unapiga, unakata kabla haijapokelewa, mwenye uwezo atakupigia. Vijijini ambako umeme haujafika, mwenye jenereta au betri ya gari alichaji simu za kijiji kizima. Zilipangwa mezani zimelala chali, kila moja imefungiwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe, na jioni mtu anapitia yake njiani akitoka shamba.

Angalia biashara hizo ziliishi wapi. Hakuna hata moja iliyotengeneza simu. Zote ziliishi kwenye pengo: simu ilihitaji salio, ikahitaji umeme, ikahitaji mtu wa kuitengeneza ikianguka kwenye maji. Kila teknolojia changa huja na mapengo yake, na mtu wa mtaani huyaona kabla ya mwenye kampuni, kwa sababu yeye ndiye yanayemsumbua.

Kwa muda mrefu mambo huenda taratibu. Simu ya kwanza kijijini haina wa kumpigia. Ya pili inaipa ya kwanza maana, na ya mia inazipa maana zote. Ndiyo sababu mchoro wa kuenea kwa teknolojia hufanana na herufi S iliyolazwa kidogo: mwanzo unatambaa, katikati unapanda kwa kasi, mwisho unalala. Ule mpando wa katikati ndipo jambo lisilotarajiwa hutokea.

Kenya lilitokea mwaka 2005. Kampuni za simu za Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, walijaribu mfumo wa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Walioongoza kazi hiyo, Nick Hughes na Susie Lonie, waliona watu wanaufanyia jambo jingine: wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo penye somo kubwa kuliko yote, kwamba hawakuwalazimisha watu warudi kwenye mpango wa awali. Machi 2007 mfumo huo ulipozinduliwa kwa jina la M-Pesa, mwito wake ulikuwa mmoja tu, tuma pesa nyumbani. Mpaka hapo pesa ya nyumbani ilikuwa inasafiri ndani ya bahasha, mkononi mwa konda wa basi au ndugu anayekwenda likizo, na mtumaji anakesha akiomba ifike nzima. Kabla mwaka huo haujaisha, watumiaji walikuwa wameshapita milioni 1.

Wimbi hilo likaleta pengo jipya: nani atageuza noti kuwa namba, na namba kuwa noti? Hapo ndipo muuza vocha alipoitwa. Alikuwa na kibanda, anajulikana mtaani, ameshazoea kuuza kitu kisichoonekana. Lakini kazi ya uwakala ni ngumu kuliko inavyoonekana kwa anayesubiri foleni. Mtaji wake umegawanyika mara mbili, noti za droo na floti, yaani salio la kwenye simu. Anayeweka pesa anamla floti, anayetoa anamla noti. Mjini wanaotuma ni wengi, kwa hiyo wakala wa mjini hukaukiwa floti huku droo imejaa. Kijijini zinakopokelewa ni kinyume chake: mwisho wa mwezi foleni ni ndefu, na saa tano asubuhi noti zimekwisha. Faida ya wakala inategemea sana kukisia siku itakuwaje kabla haijapambazuka.

Tanzania tulianza Aprili 2008 kupitia mtandao wa Vodacom, na mwanzo ulikuwa mzito. Nchi ni kubwa, mawakala wachache, na wateja wamegawanyika kwenye mitandao kadhaa, tofauti na Kenya ambako Safaricom ilikuwa imewashika wengi. Ila mgawanyiko huohuo ulitusukuma. Mwaka 2014 mitandao ya hapa ilianza kuruhusu pesa ivuke kutoka mmoja kwenda mwingine, wakati Kenya hilo lilisubiri hadi 2018.

Kisha wimbi likakomaa, likaanza kula watoto wake. Pesa ikishakuwa kwenye simu, salio unanunua humohumo, na vocha ya kukwangua ikakosa kazi. Kibanda cha kupiga simu kilishakufa zamani. Na siku hizi wakala naye anajibana, maana vibanda vimesongamana mtaa mmoja, na dukani mteja analipa kwa lipa namba bila kutoa noti.

Ila kitu kikishazoeleka namna hiyo, huwa sakafu ya kujengea vingine. Novemba 2012 Kenya ilipata M-Shwari, akiba na mkopo mdogo kwenye simu bila kukanyaga benki. Mwaka uliotangulia Hughes yuleyule alikuwa ameshirikiana na wenzake kuanzisha M-KOPA, kampuni ya kukopesha vifaa. Familia inachukua paneli ya sola na taa kwa malipo ya awali, kisha inalipa kidogo kidogo kwa simu. Ndani ya kifaa mna laini, na malipo yakikatika, kinajifunga chenyewe. Bila pesa ya simu biashara hiyo isingesimama, kwani gharama ya kumfuata kila mteja kwa hela ndogo ya kila siku ingeimeza faida yote.

Na simu ile iliyokuwa ikilala mezani kwa mwenye jenereta sasa inachajiwa nyumbani kwa mwenyewe. M-KOPA hiyohiyo baadaye imeingia kwenye kukopesha simujanja kwa mtindo uleule, mteja akiilipia kwa pesa iliyomo ndani ya simu.