Je, wajua kwa nini mafundi wa Kilwa walipachika mabakuli darini badala ya vigae?

Mtu anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, kwa kawaida hupelekwa kwanza kwenye Msikiti Mkuu, na ana haki ya kuushangaa. Mimi ningemwomba asiishie hapo, bali atembee kidogo zaidi hadi kwenye msikiti mdogo wenye makuba, uliojengwa katika karne ya 15, aingie ndani na kuinua macho. Darini, katikati ya mawe na chokaa, mafundi walipachika mabakuli ya kauri yaliyoletwa kutoka ng'ambo, matumbo yake yakiwa yamezama ndani ya lipu na midomo ikiwatazama waumini walioketi chini. Baadhi hayapo tena, na mahali pake pamebaki alama za mviringo.

Katika enzi ambazo Kilwa ilistawi, mafundi wa Kashan huko Uajemi walikwisha kuwa mabingwa wa vigae vya rangi vilivyokatwa kwa umbo la nyota na la msalaba, ambavyo vilipangwa vikashikana hadi ukuta mzima ukafunikwa bila mwanya. Watu wa Kilwa waliifahamu bidhaa ya nchi hizo, kwa kuwa vyombo vya udongo kutoka Ghuba ya Uajemi vilifika pwani yetu pamoja na pepo za kaskazi karne nyingi kabla ya Mreno kuonekana. Kwa nini basi, walipotaka kupamba nyumba ya ibada, hawakutengeneza vigae vyao wenyewe, wakachagua chombo cha kulia chakula?

Jibu linaanzia baharini. Jiwe lililochongwa kwa nakshi nzuri za Kilwa ni tumbawe la jamii ya Porites, ambalo lilikatwa likiwa bado hai chini ya maji. Likitolewa baharini huwa laini kiasi kwamba tindo hupita ndani yake bila shida, lakini likikaa hewani na kukauka huwa gumu na hudumu kwa karne nyingi. Fundi alipaswa kuchonga mapema, jiwe likiwa bado na unyevu, na ndiyo maana kingo za nakshi zake ni kali na safi kuliko mtu anavyotarajia kwenye jiwe lenye vinyweleo. Katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, yamepatikana mawe ya tumbawe yaliyochongwa maandishi ya Kiarabu, na limo pia birika la kuogea lenye pande nane, umbo linalopendwa mno katika usanifu wa Kiislamu kwa sababu huzaliwa na miraba miwili iliyolazwa mmoja juu ya mwingine, wa pili ukiwa umezungushwa nusu ya pembe mraba. Huyu ndiye sultani ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331.

Tumbawe, hata hivyo, halina rangi. Nakshi yake husomeka kwa kivuli tu: jua la pwani linapolipiga jiwe kwa upande, kila mfereo hujaa giza na kila ukingo hung'aa, na jua likiwa utosini nakshi hiyohiyo hufifia. Ndani ya msikiti, ambako mwanga huingia kwa mlango na matundu machache, kivuli hakitoshi kubeba pambo. Hapo fundi alihitaji kitu kinachong'aa.

Ni katika kutafuta mng'ao huo ndipo moto unapoingia. Kigae cha rangi hufunikwa kwa utando wa kioo, yaani mchanga laini uliochanganywa na majivu ya magadi au madini ya risasi, ukayeyushwa juu ya udongo kwenye joto la takribani nyuzi 900 hadi 1,000 za Selsiasi. Kauri ya China yenyewe huhitaji karibu nyuzi 1,300. Chungu cha kusini mwa Tanzania, tangu zamani hadi leo, huchomwa mahali pa wazi, kikiwa kimezungukwa na kuni na nyasi, na moto wa namna hiyo hupanda haraka, hushuka haraka na hauwi sawa pande zote. Watu wa pwani hawakukosa ujuzi wa moto mkali, kwa kuwa tumbawe lenyewe lilichomwa juu ya rundo kubwa la magogo hadi likawa chokaa, na kazi hiyo hufikia joto linalokaribia lile la utando wa kioo. Lakini chokaa haidhuriki kwa moshi wala majivu, ilhali utando wa kioo hutaka tanuri lililofungwa, moto unaopandishwa polepole, na chombo kisichoguswa na ndimi za moto. Kujenga tanuri la aina hiyo mahali ambapo kila msimu jahazi lilishusha kauri iliyokwisha kuchomwa kungekuwa ni kujitafutia gharama bure.

Bakuli, kwa upande wake, lilikuwa kama limeumbwa kwa kazi hiyo. Kitako chake cha duara hushikwa barabara na lipu mbichi, na tumbo lake la mbonyeo hukusanya mwanga mdogo ulioingia mlangoni na kuurudisha chini kama kioo. Zaidi ya hayo, kila aliyeketi pale alijua thamani ya chombo kile, na kukitoa mezani ili kikae darini milele ni aina ya sadaka inayoonekana. Desturi hiyo haikuwa ya Kilwa peke yake, kwani hata makaburi yenye minara huko Kunduchi yalipambwa kwa kauri. Lugha yetu nayo imehifadhi mshangao wa watu wa kwanza walioiona: tuliuita udongo ule mng'avu *kauri*, jina la kombe la baharini linalong'aa, na Waitaliano nao, bila kushauriana nasi, waliuita *porcellana*, ambalo kwao pia lilikuwa jina la kombe lilelile.

Njia hizo mbili, ya kivuli na ya mng'ao, ndizo wasanii wa leo wanaochota kutoka nakshi za Kiislamu wanazozifuata. Anila Quayyum Agha, mzaliwa wa Lahore, alionyesha mwaka 2014 kazi iitwayo *Intersections*, ambayo ni sanduku la mbao lenye upande wa takribani mita 2, lililotobolewa kwa nakshi za mtindo wa Alhambra, jumba la kale la Kiislamu huko Uhispania, na kutiwa taa moja ndani. Pambo halisi ni kivuli kinachofunika kuta, sakafu na miili ya watazamaji. Lubna Chowdhary, aliyezaliwa Tanzania mwaka 1964 na kufanyia kazi zake London, ameshika njia ya pili, akiunda sanamu na vigae vya kauri vyenye rangi kali ambamo majengo ya Mashariki na ya Magharibi hukutana. Naipenda kazi yake kwa sababu haiigi ukuta wa kale. Inauliza ukuta ule ungesemaje leo.

Hapa kwetu, mchongaji wa Mtwara anayechonga mpingo anajua jambo ambalo mchongaji wa tumbawe hakulihitaji: kivuli hakionekani vizuri juu ya mti mweusi, kwa hiyo umbo hujitokeza kwa kung'arishwa. Mama mfinyanzi naye hulisugua chungu kwa kokoto laini udongo ukiwa umekauka nusu, na chembe zake hulala na kushikana hadi uso unang'aa bila utando wowote wa kioo. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, amejijengea sifa duniani kwa vyombo vya udongo vinavyosuguliwa hivyohivyo, ingawa nakshi za Kiislamu si msingi wa kazi zake. Mng'ao ambao fundi wa Kilwa aliungoja uje na jahazi unapatikana basi katika udongo wa Mtwara na kokoto ya mtoni, kwa moto wa wazi uleule. Ningetamani kuona birika la Husuni Kubwa, pande zake nane zote, likifinyangwa kwa mikono hiyo.