Gari lako, mtaro wetu

Mimi ni mhandisi, barabara ndizo zinazoniweka mjini, kwa hiyo nikipita mitaa ya Sinza au Kijitonyama, Dar es Salaam, macho yangu huwa chini. Naona njia za waenda kwa miguu palipopandwa na magari ya kupaki: vitofali vimezama mistari miwili, katikati pameinuka.

Njia ya waenda kwa miguu hujengwa kubeba watu. Chini ya vitofali vya unene wa milimita 60 kuna mchanga kidogo, kisha tabaka jembamba la kifusi kilichoshindiliwa. Gari dogo la tani moja na nusu linaweka karibu kilo 400 kwenye kila tairi, usiku hadi usiku, palepale. Kitofali hakivunjiki, kinazama kidogo tu. Masika yakija maji yanatuama hapo, yanapenya kwenye viungo na kuondoka na mchanga. Baadaye ukikikanyaga kinacheza na kukurushia tope kwenye sketi.

Linaloniudhi kuliko yote ni kale kamlima ka zege kanakomwagwa kwenye ukingo ili gari lipande bila kugonga bampa. Mwenye nyumba anamwita fundi, mfuko mmoja wa saruji, kazi imekwisha. Lakini chini ya ukingo ndipo maji yanapopita kwenda mtaroni. Yakizibwa yanahamia katikati ya lami, na lami na maji haviivi chungu kimoja. Shimo litatokea kwa jirani wa bondeni, naye ataitupia lawama TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Tangu 2017 barabara nyingi za mitaa ziko chini yao, sawa, ila zege hawakulimwaga wao.

Halafu kuna watu. Kiti cha magurudumu kinataka sentimita 90 hivi za kupita. Noah ikipanda njia ya mita moja na nusu, mwenye kiti anashuka barabarani, akabanane na bodaboda. Na ule ukanda wa ukoka nje ya ukuta wako, hata kama uliupanda wewe, kwa kawaida ni hifadhi ya barabara. Matairi yakiushindilia haunywi tena maji.

"Sasa tupaki wapi, mhandisi?" Ndani kwanza. Nyumba nyingi zina nafasi ya gari moja uani, ila imeliwa na fremu ya duka au tofali za ujenzi unaosubiri pesa. Likibaki nje, liwe lote kwenye lami, upande mmoja wa mtaa, mbali na kona. Magari yatapunguza mwendo. Mimi hilo nalipenda. Kukiwa na msiba, mjumbe aweke kijana wa kuelekeza wageni.

Anayetaka kivuko cha gari juu ya mtaro, pale getini, aanzie serikali ya mtaa na TARURA kabla ya kumwita fundi. Bomba la chini yake hupimwa kwa maji ya mtaa mzima yanayopita hapo. Likiwa jembamba, chupa za plastiki zitaliziba masika ya kwanza tu.