Flashi Yenye MP3 Nane Si Nakala ya Albamu Yenu

Wiki iliyopita mwalimu wa kwaya moja ya hapa Kisumu alipanda ngazi za studio yangu na flashi mkononi. Walirekodi albamu mwaka jana katika studio nyingine. Sasa ubeti wa tatu wa wimbo mmoja una jina la parokia lililotamkwa vibaya, na padre ameomba lirekebishwe kabla ya jubilei.

"Fundi, ni neno moja tu," akaniambia. "Nyimbo zote ziko hapa, tuliwekewa nakala."

Nikachomeka flashi. MP3 nane. Nikamuuliza kadi ya rekoda, ile mashine iliyonasa kila sauti kwenye traki yake, iko wapi. Ilifomatiwa, yaani ilifutwa yote, siku ile ile waliyomaliza kulipa, kwa kuwa kesho yake kulikuwa na wateja wengine.

Hii ni mara ya nne mwaka huu kumwambia mtu mzima, aliyechangisha pesa kwa jasho, kwamba alichonacho ni miksi tu, sauti zote zikiwa zimeshaunganishwa kuwa faili moja, na wimbo wenyewe wenye traki moja moja haupo tena. Nimechoka kuyasema haya mlangoni, acha niyaandike.

Miksi ni chai iliyokwisha kuchanganywa. Maziwa yamo, majani yamo, sukari imo, lakini hakuna chujio litakalokurudishia maziwa. Najua siku hizi kuna programu za kutenganisha sauti na ala, na mimi huzitumia. Zinatoa sauti za waimbaji kwenye ngoma vizuri kiasi, zikiacha masalia yanayosikika kama upepo. Lakini soprano na alto walioimba pamoja mbele ya maikrofoni zile zile, katika MP3 iliyobanwa? Neno moja la ubeti wa tatu? Hapana, Mwalimu.

Kama hujui kilichomo kwenye flashi yako, tazama ukubwa. Traki moja ya mono, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 24, hula baiti 132,300 kila sekunde, karibu megabaiti 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye traki 16 ni kama megabaiti 635. Nyimbo nane za namna hiyo hupita gigabaiti 5, bila kuhesabu traki za chinichini mlikojaribia sauti mara tatu nne. MP3 nane za kilobiti 128 hazifiki megabaiti 40. Ukikabidhiwa albamu nzima yenye megabaiti 40, rudi mlangoni ukaulize kabla kadi haijafomatiwa.

Sasa wale wenzangu mafundi wanaosema, "Mimi nimebeba folda yote ya WAV, yale mafaili ya sauti isiyobanwa, niko salama." Mko salama nusu. Wimbo ndani ya rekoda una vitu viwili: mafaili ya sauti, na faili dogo la wimbo linalojua kila sauti inaanzia wapi, fida (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) ziko wapi, pan imeelekea wapi kati ya kushoto na kulia, na ni jaribio lipi kati ya yale matatu lililochaguliwa. Katika mashine nyingi, gitaa la solo likiingia dakika ya pili, faili lake lina kile kipande tu. Kwamba linaanzia dakika ya pili limeandikwa kwenye lile faili dogo. Beba WAV peke yake, zifungue kwenye kompyuta, na solo litaanza pamoja na ngoma. Nimemwona kijana mmoja akikesha usiku mzima kusogeza vipande vya ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, kwa sikio, na ohangla haikusamehe kosa la milisekunde ishirini.

Tena kuna rekoda zinazogawa kadi sehemu mbili. DP-24SD ya Tascam ni mfano: sehemu moja ni ya mashine, zinamokaa nyimbo, nyingine ni ya FAT, mpangilio ambao kompyuta huusoma, inayoonekana ukichomeka kebo ya USB. Kompyuta haioni nyimbo mpaka uiagize rekoda yenyewe itengeneze nakala na kuiweka upande wa FAT. Rekoda ya Zoom R16 haina mpaka huo, folda ya mradi unaiona na mafaili ya WAV ndani yake. Kwa hiyo anayekwambia "buruta tu kila unachokiona" anazungumzia mashine yake. Soma kitabu cha yako.

Mimi hutoa nakala za aina mbili, na hapa sibembelezwi. Ya kwanza ni ya kimashine, kwa umbo la rekoda yenyewe, ili kesho nikifungua wimbo nikute kila fida mahali pake. Ya pili ni traki zote zikiwa WAV nzima, kila moja ikianzia sekunde sifuri, hata kama mwimbaji anaingia mwishoni. Ya kwanza inafaa maadamu mashine ile ipo. Ya pili itafunguka popote. Waliorekodi kwenye rekoda za ADAT za Alesis mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na traki nane za dijitali juu ya kanda ya S-VHS. Sauti huenda bado iko kwenye kanda, lakini ni lazima kwanza upate mashine inayozunguka.

Lakini haya yote ni bure kama hujawahi kurejesha, yaani kuirudisha nakala kwenye rekoda na kuifungua, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia. Kunakili ni nusu ya kazi. Watu hutazama mstari wa kijani ukifika mwisho, wanaona majina ya mafaili, wanafomati kadi.

Mimi pia nilifanya hivyo. Tulikwenda Ahero kumrekodi mzee mmoja mpiga orutu, fidla ya Waluo yenye uzi mmoja, nyimbo saba, maikrofoni moja karibu na upinde na nyingine mdomoni mwake. Niliporudi nikanakili kila kitu kwenye flashi ya gigabaiti 64 niliyonunua kwa mchuuzi karibu na stendi. Majina yote yalikuwepo, ukubwa wa kila faili ulikuwa sawasawa hadi baiti ya mwisho. Nikafomati kadi. Mwezi mmoja baadaye nilipofungua ili nimiksi, nyimbo tatu zilikuwa nzima. Kuanzia wa nne, uzi wa orutu ulisikika kwa sekunde kumi na moja, kisha mvumo mmoja kama wa redio isiyo na stesheni, hadi mwisho.

Flashi ilikuwa imechezewa. Ndani yake mlikuwa na nafasi ndogo sana, ila iliiambia kompyuta ina 64. Ikijaa, inaendelea kupokea, na orodha ya majina inabaki safi kabisa. Majina na ukubwa havithibitishi kwamba sauti imo. Nilimrudia mzee nikamweleza ukweli. Alipiga tena nyimbo nne, kwa moyo mweupe, lakini yeye hutunga anapopiga. Wimbo wa nne wa siku ile ulikuwa na maneno juu ya mvua iliyokuwa ikinyesha juu ya bati letu. Hayakurudi.

Tangu hapo flashi yoyote mpya naijaza kwanza na kuisoma yote, kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, kabla haijagusa kazi ya mtu. Na nakala yoyote nairejesha. Nina kadi ya pembeni kwa kazi hiyo tu. Narejesha wimbo kwenye kadi hiyo, kamwe si juu ya ule wa asili, naufungua, nausikiliza mwanzo, katikati na mwisho, traki moja moja.

Kisha naweka miksi ya zamani na miksi mpya niliyoitoa kwenye wimbo uliorejeshwa sambamba, nageuza mawimbi ya moja juu chini. Zikiwa sawa, zinauana na unasikia kimya. Vitabu huishia hapo, kana kwamba kimya kinakuja kila mara. Mara nyingi hakiji. Mwangwi unaoyumbayumba ndani ya rekoda hautoki vile vile mara mbili, kwa hiyo kinabaki kitu kama mvuke nyuma ya sauti. Hapo sina kipimo cha hakika, ni masikio yangu tu kuamua kama huo mvuke ni mwangwi au ni kosa. Nikiwa na shaka nazima mwangwi kwenye pande zote mbili na kuanza upya, hata ikiwa saa sita usiku.

Mengine nayapitia haraka. Usinakili stima ikiwa inachezacheza, tumia laptopu yenye betri. Stima ikipotea katikati ya kurekodi, faili linaweza kuonekana tupu kwa kuwa kichwa chake, yale maelezo ya mwanzoni mwa faili, hakikukamilishwa, ilhali sauti imo. Usirekodi kitu kingine kwenye kadi ile, itoe. PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyopotea, ni ya bure na imenitoa matatani. Weka nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Juni 1, 2008 moto wa Universal Studios huko Hollywood uliteketeza ghala lenye kanda za masta, yaani rekodi za asili, na wale walikuwa na pesa kuliko sisi sote wa Kondele na Milimani hapa Kisumu tukichanga.

Jambo moja bado sijaliamua: majaribio yaliyokataliwa. Kuyahifadhi kunakula nafasi maradufu. Kuyafuta, kisha mwimbaji akaaga dunia na familia ikaja kuomba chochote chenye sauti yake, nako ni kugumu. Kwa sasa nayahifadhi.

Kwaya ile imerudi kurekodi upya, wimbo ule mmoja na mingine miwili. Jumamosi, kabla sijamkabidhi Mwalimu diski, nilimwambia achague wimbo wowote. Akachagua wa pili. Nikaurejesha mbele yake kwenye kadi ya pembeni, nikazima kila kitu, nikaiacha soprano peke yake. Kabla ya noti ya kwanza tukasikia kiti kikikwaruza sakafu, na mtu akisema polepole, "Haya, tusimame." Mwalimu akatabasamu. "Huyo ni mke wangu," akasema.